Asiyekuwapo na Lake Halipo: Ni Nani Waliojibu Maswali ya Afya?

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Miaka kumi ya Chama si haba. Mmekwisha kusikia leo habari za tani, za bei, za mbolea na za ghala, nasi hatutazirudia. Ofisi ya Katibu imeombwa iseme neno juu ya afya ya wanachama na jamaa zao, kwa kuwa mkulima akilala kitandani shamba nalo hulala, na chama chenye mashamba yaliyolala hakina cha kupeleka sokoni.

Hatukusudii kusema juu ya dawa wala maradhi. Hiyo ni kazi ya waganga, nao waiweza kuliko sisi. Twataka kusema juu ya jambo lililo karibu na kazi yetu ya ukatibu, yaani daftari. Serikali inapopeleka watu vijijini kuuliza habari za afya, ni nani huandikwa? Ni nani huachwa? Na kule kuachwa kwatugharimu nini sisi wakulima wa Njombe?

Wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii twaitumia sana siku za kugawa pembejeo. Leo twaomba ruhusa tuipeleke kwenye mambo ya afya, maana huko nako kuna mgao, na mgao huo hufuata hesabu.

HESABU YA HOSPITALI NA HESABU YA NYUMBANI

Huenda mtu akauliza: mbona kusumbua watu majumbani, ilhali zahanati na hospitali zina vitabu vyake? Jibu ni rahisi. Kitabu cha zahanati humwandika yule aliyefika. Hakimwandiki aliyekosa nauli, wala aliyetibiwa kwa miti shamba mpaka mwisho, wala mtoto aliyekata roho usiku wa mvua kabla baba yake hajapata pikipiki.

Jambo hili lilidhihirika katika nchi yetu wenyewe. Katika miaka ya tisini ya karne iliyopita, Wizara ya Afya ilisaidiana na shirika la IDRC la Kanada kuendesha mradi katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Waandikaji walipita nyumba kwa nyumba, wakarudi tena na tena, wakiandika waliozaliwa na waliokufa, na dalili walizokuwa nazo marehemu kabla ya kufa. Ikaonekana kwamba waliofia nyumbani walikuwa wengi kuliko waliofia hospitalini. Basi vitabu vya hospitali vilikuwa vikisimulia habari za wachache.

Huko Morogoro ikaonekana pia kwamba katika miaka yote ya uhai iliyokuwa ikipotea kwa maradhi, 30 kwa mia ilipotea kwa malaria, lakini katika fedha za afya za mwaka 1996 malaria ilikuwa imetengewa 5 kwa mia tu. Viongozi wa afya wa wilaya walipopewa hesabu hizo mkononi waligeuza mafungu, wakatia nguvu katika malaria na katika matibabu ya watoto wadogo. Fedha iliyoongezwa haikuwa nyingi. Hata hivyo, huko Rufiji vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya 40 kwa mia katika muda wa miaka mitano hivi. Watoto hao waliokolewa na dawa na vyandarua, lakini kilichovielekeza vitu hivyo mahali pake ni daftari lililojazwa majumbani.

Ndiyo maana twasema kwamba mtu anayebisha hodi na karatasi za maswali, au na kile kibao cha kisasa cha kuandikia, si mtu wa kufukuzwa kama mchuuzi.

UTAFITI WA MWAKA 2022

Tuchukue mfano mmoja mkubwa. Nchi yetu imekuwa ikifanya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto tangu mwaka 1991 na 1992, na kurudia kila baada ya miaka michache. Ule wa mwaka 2022, uliounganishwa na viashiria vya malaria, uliendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, wakishirikiana na Wizara za Afya. Wadadisi walikuwa vijijini na mijini tangu mwezi Februari hadi Julai.

Hawakwenda kwa kila mtu. Kazi ya kumwuliza kila mtu ni ya Sensa, na Sensa ya Agosti mwaka huo huo ilihesabu watu 61,741,120. Utafiti wa afya hufanya kama afanyavyo mnunuzi wa mahindi ghalani kwetu. Mnunuzi hamwagi kila gunia sakafuni. Huchukua bambo, akachoma gunia, akatazama punje zilizotoka. Lakini sisi sote twajua kuna kuchoma kwa haki na kuchoma kwa hila. Bambo likichoma mdomo wa gunia tu, halitasema lolote juu ya mahindi yaliyofunikwa chini. Bambo likichoma magunia yaliyo karibu na mlango tu, magunia ya nyuma hayatajulikana yana nini. Kwa hiyo swali la kwanza la mkulima mwenye akili si "bambo limetoa nini?" bali "bambo limechoma wapi?"

Basi la mwaka 2022 lilichoma hivi. Katika orodha ya maeneo ya Sensa ya mwaka 2012 yalichaguliwa kwa bahati nasibu maeneo 629, ya mijini 211 na ya vijijini 418. Katika kila eneo ziliorodheshwa kaya zote, kisha zikachaguliwa kaya 26, nazo kwa bahati nasibu vile vile. Mdadisi hakuwa na ruhusa ya kuruka nyumba yenye mbwa mkali na kuingia ile yenye kiti kivulini. Zilipatikana kaya 16,312. Zilizokutwa na watu zilikuwa 15,907, na zilizokubali kuhojiwa ni 15,705, yaani karibu kaya 99 kwa kila 100. Kwa hili Watanzania wastahili sifa. Katika nchi nyingine tajiri kuliko yetu watu hufunga mlango.

Kaya maana yake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mdadisi aliwaandika wakaao humo siku zote, akawaandika na wageni waliolala humo usiku wa jana. Akauliza umri wa kila mmoja na elimu yake. Akatazama sakafu na paa, akauliza maji yatoka wapi, choo ni cha namna gani, ng'ombe ni wangapi. Kwa majibu hayo kaya zote za nchi zilipangwa katika mafungu matano, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa, ili ijulikane kama mtoto wa fungu la chini aponea pale aponeapo mtoto wa fungu la juu. Watoto wadogo walipimwa urefu na uzito, na tone la damu likatazamwa.

MIZANI YA HESABU

Hapa kuna jambo ambalo viongozi wa vyama vya msingi wataling'amua upesi. Mkoa wetu wa Njombe, kwa Sensa ya 2022, una watu 889,946. Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Lau kaya zingechaguliwa kwa kufuata ukubwa huo peke yake, Njombe ingepata kaya chache mno, na matokeo yake yasingetegemewa. Kwa hiyo kila mkoa ulipewa kaya za kutosha kujieleza wenyewe. Zanzibar, ambayo ina watu 1,889,773 tu, yaani kama 3 kwa kila 100 wa nchi nzima, nayo ilipewa sehemu kubwa kuliko hizo 3 kwa mia. Kisha, inapotafutwa hesabu ya nchi nzima, kila mkoa hurudishiwa uzito wake wa haki.

Ni sawa na mkutano wetu mkuu. Chama cha msingi chenye wanachama 60 na chama chenye wanachama 600 vyaweza kuleta wajumbe wawili wawili, ili kila kimoja kisikike. Lakini ukitaka kujua wanachama wote kwa jumla wataka nini, hutahesabu vichwa vya wajumbe. Utauliza kila mjumbe amebeba watu wangapi nyuma yake. Hesabu isiyopimwa hivyo ni lumbesa. Yaonekana kubwa, na uzito wake haujulikani.

Na kwa kuwa ni bambo wala si kumwaga gunia, tusishike tofauti ndogo na kuifanya jambo kubwa. Mwaka 2015 na 2016, watoto waliodumaa katika Njombe walikuwa kama 49 kwa kila 100. Mwaka 2022 walikuwa kama 50. Asije mtu akasimama katika mkutano akasema hali imezidi kuwa mbaya kwa sababu ya ile nambari moja. Wala asije mwingine akasema tumejitahidi. Linalosemwa na hesabu hizo mbili ni kwamba hatujasogea, na neno hilo latosha kutunyima usingizi.

WALIOANDIKWA, NA WALIOKUWA SAFARINI

Sasa tutazame walioandikwa. Katika kaya zile walipatikana wanawake 15,699 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na waliohojiwa ni 15,254. Waliokosekana ni 445, yaani kama 3 kwa kila 100. Wanaume walitafutwa katika nusu ya kaya tu. Walipatikana 6,367 wa umri huo huo, na waliohojiwa ni 5,763. Waliokosekana ni 604, yaani zaidi ya 9 kwa kila 100.

Ndugu wanachama, tazameni hesabu hiyo kwa makini. Wanaume walitafutwa katika nusu ya nyumba tu, na bado waliokosekana wakawazidi wanawake waliokosekana katika nyumba zote. Wanaume hao walikuwa wapi? Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kuambiwa. Babu zetu walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba, na nyumba zikabaki na mama. Leo mkonge si safari yetu tena, lakini safari hazikuisha. Mmoja yuko juu ya lori la viazi kuelekea Dar es Salaam, mwingine yuko porini kwenye mbao, mwingine yuko kwenye chai kwa mwezi mzima. Sensa ya 2022 iliwakuta Njombe wanawake 469,413 na wanaume 420,533. Wanawake wamezidi kwa 48,880. Mkoa wenye hesabu ya namna hiyo ndio mkoa ambao mwanaume wake ni mgumu kumkuta nyumbani.

Watu wa namna hiyo si sawa na waliobaki. Mtu wa safari ana maradhi yake, ana hatari zake, na pengine ana fedha zake. Jambo hili lilipimwa vizuri katika mkoa wa Kagera, kwa wakulima wenzetu wa kahawa na ndizi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wataalamu wa Muhimbili na wa Benki ya Dunia waliziandika kaya zaidi ya 900 huko, wakizirudia mara kwa mara, ili kujua vifo vya watu wazima vilivyoletwa na UKIMWI viliziacha jamaa katika hali gani. Mwaka 2004 watafiti walirudi. Wangeweza kuwahoji waliobaki kijijini tu, wakafunga kazi. Hawakufanya hivyo. Waliwafuata walioandikwa kila walikohamia, hata nje ya mkoa na nje ya nchi, na zile kaya mia tisa na kitu zikawa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Ikaonekana kwamba waliohama maisha yao yalikuwa yamepanda kuliko ya ndugu zao waliobaki. Lau wasingefuatwa, kitabu kingesimulia habari nyingine kabisa ya Kagera.

WASIOULIZWA

Wako pia watu ambao hawakuwa safarini, nao hawakuulizwa. Tazameni katika ukumbi huu. Mvi ni nyingi, na twamshukuru Mungu kwa ajili ya mvi hizo. Lakini maswali marefu ya mwaka 2022 yalikoma kwenye miaka 49. Mwanachama wetu wa miaka 58, mwenye ekari tatu za mahindi na miti ya parachichi mia, mdadisi aliandika jina lake, umri wake na elimu yake, kisha akaomba kuzungumza na binti yake. Hakukosea. Utafiti ule ulikusudiwa uzazi na watoto, na umri wa kuzaa ndio uliokuwa kipimo. Kosa litakuwa letu tukikisoma kitabu chake na kudhani kwamba mgongo wa mzee, macho yake, shinikizo lake la damu na dawa anayopulizia shambani vimekwisha kuhesabiwa humo.

Tafiti nyingine zina mipaka mingine. Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya namna hiyo, nao uliwachukua watu wa miaka 25 hadi 64. Utafiti wa Virusi vya UKIMWI wa mwaka 2022 na 2023 uliwachukua watu wote kuanzia miaka 15, wazee nao wakiwamo. Ndio uliotuambia kwamba Njombe imeitangulia mikoa yote, ikiwa na watu 12.7 kwa kila 100. Kwa hiyo kila kitabu kina mlango wake. Kabla ya kusoma yaliyomo, soma kwanza ni nani aliyeruhusiwa kuingia.

Tena tafiti za kaya hupita katika kaya. Hazipiti katika mabweni ya shule, wala kambi za jeshi, wala magereza. Na kibarua ambaye leo yuko kwenye kibanda cha shamba hili, na kesho yuko kwenye shamba lile, huweza kupita katikati ya orodha zote mbili asionekane. Watu hao ndio wanaotuvunia.

DAFTARI MBILI

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo letu wenyewe. Fungua daftari la wanachama katika chama cha msingi chochote. Aghalabu utakuta jina la baba mwenye shamba, mtu wa makamo au mzee. Kisha fungua kitabu cha utafiti wa afya. Humo aliyesema zaidi ni mwanamke wa miaka 15 hadi 49. Huyu ni mke wa mwanachama, au binti yake, au mkwe wake. Daftari letu lamjua mwenye gunia. Daftari la afya lamjua mwenye mtoto mgongoni. Daftari hizi mbili zakaa katika nyumba moja, wala hazijuani.

Hasara yake ni nini? Twaiona katika watoto. Nchi nzima, mwaka 2010, waliodumaa walikuwa kama 42 kwa kila 100. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Mwaka 2022 walikuwa 30. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano navyo vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kati ya tafiti hizo mbili za mwisho. Nchi yasogea. Lakini Iringa yalikutwa majumbani mambo mengine: watoto 57 kwa kila 100 wamedumaa. Njombe na Rukwa ni nusu. Na hii ndiyo mikoa inayolisha miji. Viazi vinavyoliwa Dar es Salaam vyatoka kwetu, mahindi vile vile. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala ni mfupi kuliko umri wake.

Waganga wa lishe wametufundisha kwamba udumavu hauji kwa tumbo tupu peke yake. Waja kwa ugali wa kila siku usio na maharage, wala mboga, wala yai. Waja kwa kuhara kwa mara kwa mara. Waja kwa mama aliyeinama shambani tangu alfajiri mpaka jioni, mjamzito naye, na mtoto mchanga kuachiwa dada yake wa miaka saba. Mambo hayo huulizwa mama, naye hujibu kweli. Lakini fedha ya viazi yapokelewa na nani? Kuku auzwe au mayai yaliwe na watoto, ni nani akataye shauri? Palizi ianze leo au mama apumzike wiki mbili baada ya kujifungua, ni nani asemaye? Mara nyingi ni yule ambaye jina lake limo katika daftari letu, naye hakuyasikia maswali wala hakuyaona majibu.

Kwa hiyo twasema bila kuogopa kwamba hesabu ya udumavu ni hesabu ya Chama hiki. Haikuletwa kwa klinika ya watoto peke yake. Ni mapato na matumizi ya mazao yetu, yaliyopimwa kwa ubao wa kupimia urefu.

YATUPASAYO

Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako twaweka mbele ya mkutano mambo manne.

La kwanza, wadadisi watakapokuja, iwe kwa afya au kwa kilimo, wapokelewe. Anayechaguliwa kwa bahati nasibu hawezi kumtuma jirani ajibu kwa niaba yake. Katika tafiti za afya kujibu ni hiari, wala hapana mtu wa kukushurutisha. Na wale wanaoogopa kwamba majibu yatapelekwa kwa mtoza kodi wajue kwamba Sheria ya Takwimu yakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Lakini mwanaume akiambiwa na mkewe kwamba mdadisi atarudi jioni, basi jioni awe nyumbani. Wadadisi hurudi zaidi ya mara moja. Wale 9 kwa kila 100 wapungue, na wapungue kwetu kwanza.

La pili, makatibu wa vyama vya msingi waongeze safu katika daftari zao. Mbali na jina la mwanachama, iandikwe idadi ya watu wa kaya yake kwa umri: watoto wa chini ya miaka mitano, wanawake, wanaume, wazee. Maradhi ya mtu yasiandikwe. Hayo ni siri yake na mganga wake. Twataka kujua tu ni watu wangapi wanakula chungu kimoja na kila gunia tunalopokea. Na wake na mabinti wanaofanya kazi shambani wapewe njia ya kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe.

La tatu, wazee na vibarua. Mganga Mkuu wa Wilaya aombwe siku za kupima shinikizo la damu, sukari na macho kwenye vituo vyetu vya kununulia mazao, wakati wa mavuno, ambapo kila mtu hufika. Palipo na mizani ya viazi, iwepo na mizani ya watu. Na vibarua wa mashamba wapimwe pamoja na wenye mashamba, mstari mmoja.

La nne, kila utafiti wa afya utakapotolewa, ukurasa wa mkoa wetu usomwe katika mkutano mkuu wa kila chama, kwa Kiswahili, na usomwe siku ile ile inaposomwa hesabu ya fedha. Kwanza msomaji aeleze ni nani waliojibu, kisha ndipo aeleze walijibu nini. Wenye daftari letu wasikie yaliyosemwa na wenye daftari la pili, nao wawepo hapo hapo ukumbini, wasahihishe pale tunapokosea.

Katika miaka kumi hii tumejifunza kwamba mazao yasiyopimwa hayana bei. Tulipigania mizani ya haki mpaka tukaipata, kwa kuwa tulikataa mtu mwingine atukadirie gunia kwa jicho. Basi tusikubali kukadiriwa kwa jicho katika uhai wa watoto wetu na wa wazee wetu. Mlango ukibishwa hodi, tufungue. Tukiulizwa, tujibu kweli. Na kitabu kikirudi, tukisome sote.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu. Udumu ushirika.